Seva Nyumbani kwa Baba Mkwe

Tii. Kimya. Tii. Kimya. Mpaka leo nikisikia kitu kinacholia hivyo, hata simu ya mtu ikilalamika chaji imekwisha, mikono yangu inatafuta pa kushika. Ni sauti ya betri ya seva. Umeme ukikatika inaanza kulia, kukuambia kwamba sasa inabeba mzigo peke yake na haitaubeba muda mrefu. Ikilia mfululizo bila kupumua, ujue imebaki pumzi ya mwisho.

Seva ile ilikuwa ya chuo kikuu. Watafiti waliweka vifaa vya kupimia maji kwenye mito na kwenye majaruba ya mpunga, kuanzia kwetu Ngonga hadi Ikolo, kila kimoja na antena yake ndogo, na vyote vilikuwa vinatuma habari kwenye mlingoti mmoja. Chini ya mlingoti kuna chumba, na ndani ya chumba kuna seva, kabati la chuma lenye taa za kijani zinazokonyeza. Walizunguka sana kutafuta mahali pa kuusimamisha huo mlingoti. Walitaka pasipofika mafuriko, penye umeme, panapoonekana kutoka kila upande, na pawe kwa mtu mwaminifu. Wakapapata. Ni kwa baba mkwe wangu, ng'ambo ya ua kutoka jikoni kwangu, kwenye nyumba yake ndogo ya matofali iliyoinuka kidogo katikati ya migomba na mikakao. Mzee mwenyewe wakamfanya mlinzi.

Mtu wa kuitunza wakanipata mimi. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikafanya kazi kidogo kwenye duka la kuchapa na kutoa kopi Kyela mjini, kwa hiyo kompyuta haikunitisha. Nilifurahi, nyie! Nikianika mpunga juani najiona nimevaa kofia ngumu, niko juu kabisa ya mlingoti, naunganisha kijiji na kijiji mpaka nawapungia watu wa Karonga, ng'ambo ya mpaka.

Kuna kitu kimoja hawakukipima. Kwetu, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hamtazamani, hamsemeshani, hamkai chumba kimoja. Akija njiani, wewe unaingia migombani mpaka apite. Si chuki, ni heshima. Wengine siku hizi wameacha, lakini ukoo nilikoolewa haujaacha.

Siku ya kufunga kabati, fundi wa mtandao, kijana wa mjini, alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka.

"Kwa hiyo mama, mzee akiwa humu, huyu haingii?"

"Haingii," mama mkwe akasema.

"Na mzee ndiye mlinzi."

"Ndiye."

"Na huyu ndiye mtunzaji."

"Sasa wewe mwanangu unapiga hesabu gani? Mimi si nipo hapa katikati? Au kwenu mnaoana kama kuku, hakuna wakwe?"

Na kweli alikuwepo katikati. Asubuhi mzee akienda kwenye kakao mimi naingia kufuta vumbi na kutazama taa. Akirudi mapema, mama mkwe anapaza sauti, "Mbuzi wewe, toka hapo!" nami natoka mbio kwa upande wa pili. Mbuzi hatukuwa naye.

Masika yale upepo uliipinda antena kubwa, ile inayopeleka kila kitu chuoni. Fundi akasema atakuja Jumatatu na antena nyingine, pamoja na diski ya kunakilia. Mpaka hapo, vipimo vya mvua yote vilikuwa ndani ya lile kabati tu, hakuna mahali pengine duniani. Mtafiti mwenyewe, dada mmoja anayesomea udaktari wa chuo kikuu, akanipigia simu.

"Mdogo wangu, masika yaliyopita yalinipita hivihivi, vifaa havikufika. Nikipoteza na haya, chuo hakitanisubiri. Umeme ukikatika, izime kwa utaratibu kabla betri haijaisha. Ikizimika ghafla diski inaweza kufa na kila kitu."

"Sawa dada, ondoa wasiwasi."

Akaondoa. Nikabaki nao mimi.

Jumamosi mama mkwe alikwenda msibani Ikolo. Mume wangu alikuwa amevuka mpaka na magunia ya mchele. Mchana nilikuwa jikoni na mgeni, mama mmoja wa Ikombe aliyekuwa anapita kuuza vyungu mvua ikamkatia njia kwetu. Mvua ya Kyela haipigi hodi. Radi ikapiga, taa ya jikoni ikazimika, na kutoka ng'ambo ya ua nikasikia: tii.

Nikajitupia kanga nikakimbia. Nilipofika katikati ya ua nikaona mlango wa chumba umefunguliwa nusu, na nyuma yake miguu ya mzee. Alikuwa amerudi kutoka kwenye kakao, ameketi kwenye kigoda, anasukumia magunia ya mchanga kizingitini ili maji yasiingie. Niligeuka kama niliyekanyaga nyoka.

"Vipi tena?" mama wa vyungu akaniuliza.

"Baba mkwe yumo ndani!"

"Ala! Basi subiri atoke."

"Betri haitasubiri, mama. Nenda wewe, nakuomba."

"Mimi? Kingekuwa udongo ningekufinyangia. Hicho chuma sikigusi."

"Usikiguse. Mwambie tu mzee atoke."

Akajifunika ungo kichwani, akavuka ua. Nikasimama nyuma ya mgomba. Kwa kelele za mvua juu ya bati walikuwa wanapigiana mayowe, sikupitwa na neno.

"Mzee, poleni na mvua!"

"Mvua ni yetu, mama. Karibu, ila matope uyaache huko."

"Unaombwa utoke."

"Na nani?"

"Na huko jikoni."

Mzee akakohoa. "Waambie huko jikoni sitoki. Niliambiwa maji yasikiguse hiki kitu. Nikitoka, magunia atayashika nani?"

"Lakini si unaisikia inavyolia?"

"Iache ilie. Mbwa asiyebweka analinda nini?"

Mama wa vyungu akaangua kicheko. Zile tii zilikuwa zimeanza kukaribiana. Nikawaza nijifunike uso nipite tu. Lakini aibu isingekuwa yangu peke yangu. Ingekuwa ya mzee mbele ya mgeni, mzee ambaye sijawahi kumtazama usoni lakini papai la kwanza kuiva huwa analiacha kwenye mlango wa jiko langu, bila neno. Nikamwaza na yule dada, jinsi alivyosema chuo hakitamsubiri.

"Mama!" nikapiga kelele. "Mwambie mzee kinachokufa humo ni vipimo vya yule dada wa chuo! Masika yote! Hana vingine!"

Mzee alinisikia, angeachaje? Lakini hawezi kulipokea neno kutoka kinywani mwangu. Akasubiri mama wa vyungu alirudie, naye akalirudia polepole, na kupumzika katikati akapumzika. Tii, tii, tii.

"Yule aliyezama na mimi kwenye jaruba?" mzee akauliza. "Aliyepoteza kiatu?"

"Mimi simjui, lakini atakuwa huyohuyo."

Mzee akatoka. Hakuwa na mwavuli, miguu mitupu. Akamwambia mama wa vyungu, "Shika magunia," akaenda kusimama chini ya mkakao, akatugeuzia mgongo, mikono nyuma, kama mtu anayetazama shamba. Mkakao hauzuii mvua ya namna ile. Shati lake liliganda mgongoni papo hapo.

Nikapita nimejiziba hadi puani. Vidole vilikuwa vimelowa, neno la siri nikalikosea. Nikajifuta kwenye gauni nikaandika tena, herufi moja moja. Likakubali. Nikabonyeza zima. Kioo kikaanza kufunga kazi zake, moja baada ya nyingine, kama mgeni anayeaga kila mtu nyumbani hadi watoto. Nikaiambia seva nenda, nenda, utasalimia siku nyingine. Betri ikaanza kulia mfululizo. Nje mzee akakohoa, akakohoa tena. Taa za kijani zikafa, ikabaki moja, nayo ikafa. Na betri ikanyamaza.

Kipi kilitangulia, kabati kumaliza au betri kukata roho, sikuona. Jumatatu fundi alipoiwasha, masika yote yalikuwemo. Yule dada alilia kwenye simu, na fundi, bila kucheka safari hii, akavuta waya mpaka jikoni akanifungia kitufe cha kuzimia huko huko. Lakini Jumamosi ile sikuyajua hayo. Nilisimama gizani mbele ya chuma kilichonyamaza, sijui kama nimeokoa kitu au nimemlowesha mzee wa watu bure.

Mama wa vyungu alikwisha kurudi jikoni kuchochea moto. Mzee bado alikuwa amenipa mgongo. Pale nje ya mlango zilikuwepo kandambili zake, alizozivua asiingize matope, zimejaa maji. Sijui kama mkamwana anaruhusiwa kugusa kandambili za baba mkwe. Sikumuuliza mtu. Nilizimwaga maji, nikazifuta kwa pindo la kanga, nikaziweka ndani penye sakafu kavu, kisha nikavuka ua.