Mtoto Alipokataa Titi

Jiwe la kuchonga la kwetu Tabaka likitoka ardhini huwa laini, lina unyevu ndani kama muhogo uliomenywa. Wanaoyanunua mawe hayo madukani, yakiwa yamesuguliwa mpaka yanang'aa, hawajui hilo. Mimi nililijua kabla sijajua kusoma, na kusoma kwenyewe sikufika mbali, maana nilipokuwa darasa la pili mwalimu alihama, mwingine hakuletwa, na baba akasema basi, shika kamba ya ng'ombe. Lakini hayo tuyaache.

Bibi yangu, mama wa mama, alikuwa akiwapelekea wachimba mawe ndizi za kuchemsha, nami namfuata nyuma na kikapu kidogo. Kulikuwa na mwanamume mmoja aliyekaa peke yake kwenye kibanda cha nyasi, mweupe kwa vumbi mpaka kope, akichonga mabakuli. Hakuwa mtu wa kwetu. Alikuja kwa ajili ya mawe tu, na alipiga mluzi tangu asubuhi mpaka jua linaondoka. Siku moja bakuli lilimpasukia ukingoni. Akainua mkono alitupe bondeni, akaniona namtazama.

"We kasichana, unalitaka?"

Nikaitikia kwa kichwa. Bibi akacheka. "Huyu hata ukimpa kokoto atasema asante."

Basi. Hiyo ndiyo habari yangu yote na mtu yule. Jina lake sikulijua, na nilipoanza kuota kifua alikuwa ameshahama Tabaka, wengine walisema amekufa. Lakini bakuli nililitunza. Nililiwekea chumvi, baadaye shanga, baadaye sindano, na nilipoolewa Ikonge, miaka miwili hivi baada ya bendera ya uhuru, nilikwenda nalo limefungwa ndani ya nguo zangu. Mkumbuke mtu huyo. Atarudi huko mbele bila yeye mwenyewe kujua.

Ikonge ni baridi. Mvua inakuja kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Wakati huo chai ilikuwa bado ngeni kwetu, wazee wengine walikuwa wanaitazama tu wakiuliza inaliwa vipi. Bwana yangu alikuwa na mistari michache nyuma ya nyumba, lakini kazi yake hasa ilikuwa baiskeli. Alikuwa fundi pale sokoni, na karai lake la maji la kutafutia pancha. Mtu mpole. Kasoro yake ni kwamba hakuweza kutulia. Hata nyumbani alizunguka akitafuta kitu cha kukaza. Kiti kikilia, anakigeuza. Mlango ukilia, anauvua. Mimi mwenyewe nilikuwa hivyo hivyo, ndiyo maana tulipendana, watu wawili wanaopishana mlangoni kutwa nzima.

Mama yake, mjane, aliishi nyumba ya pili, hatua chache kutoka kwetu. Msabato kwelikweli. Ijumaa jua likishuka, hata jivu hatuzoi.

Nikapata mtoto wangu wa kwanza, wa kiume. Alipowekwa kifuani alilishika titi kama mtu aliyecheleweshwa. Hakuna aliyenifundisha, wala yeye hakufundishwa. Nitasema wazi, mimi ni mzee sasa, siwezi kuona haya: iliuma. Chuchu zilipasuka, nikawa nauma shuka kila akianza. Halafu uchungu ukaisha, ukaja utamu fulani wa kusinzia, na katika maisha yangu yote hizo ndizo saa pekee nilizowahi kukaa mahali pamoja bila kutaka kuinuka.

Hazikudumu. Mtoto alipoanza kuinua shingo, mama mkwe akasema titi peke yake halijengi mifupa, sasa ni wakati wa uji. Ngoja nieleze tulivyokuwa tunanywesha uji, maana vijana hawaamini. Mtoto unamlaza mapajani. Mkono wa kushoto unaukunja kama kikombe kuzunguka mdomo wake. Unamimina uji mwepesi wa wimbi humo mkononi mpaka ufunike mdomo, na kidole kimoja kinaziba pua. Atafanya nini? Atafungua mdomo apate hewa, na akivuta hewa anavuta uji. Analia, anakohoa, anameza. Mimi nililelewa hivyo, na bwana yangu, na kila mtu tuliyemjua. Mama mkwe alikuwa hodari. Alikuwa akiimba huku anafanya, tenzi za kanisani, na tumbo la mtoto likaja juu kama ngoma.

"Ona," ananiambia. "Sasa huyu ni mtu."

Baada ya muda si mrefu mtoto akakataa titi.

Nikimwinua kumlaza mapajani, anakaza mgongo. Nikisogeza kichwa chake kifuani, anapiga yowe na kurusha mikono. Nikimsimamisha begani, kimya, anatazama ndizi shambani kama mzee. Nikimlaza tena, yowe. Nilijaribu nikiwa nimeketi, nikisimama, nikitembea. Nilitembea mno. Kutoka jikoni hadi kwenye chai, kutoka kwenye chai hadi kisimani, kurudi, njia ile ikaota mfereji. Nilibadilisha titi, nikayaosha yote mawili kwa maji ya uvuguvugu, nikaacha kula vitunguu. Wapi.

Na maziwa hayakujua kwamba yamekataliwa. Yalijaa mpaka kifua kikawa kigumu kama, sijui niseme nini, kama yale mawe yakishakauka. Ndipo nikalitoa bakuli la Tabaka, nikamwaga sindano zangu, nikawa nakamulia humo. Maziwa ndani ya jiwe hukaa baridi vizuri. Nilijaribu kumpa mtoto kwa kijiko, akaona kijiko akajiziba mdomo kwa ngumi. Basi nikawa nayamwaga shinani mwa mgomba, mahali pasipo na siafu, maana kwetu tuliamini siafu wakiyala titi linakauka. Mgomba ule ulizaa mkungu ambao haukuwahi kuonekana. Mpaka leo siwezi kula ndizi tamu bila kufikiria.

Mtoto akaanza kwisha. Uji wenyewe akawa anautapika. Macho yakawa makubwa, mapaja yakalegea ngozi. Hilo ndilo lililonikimbiza huku na huko, wala si maneno ya watu. Nilikuwa nainua blanketi kuangalia kama kifua kinapanda na kushuka.

Jumamosi moja kanisani mtoto wa mtu mwingine alilia benchi la nyuma. Mama yeyote atakuambia, titi halichagui mtoto. Gauni langu lililowa mpaka tumboni katikati ya sala. Mama mkwe aliona. Njiani kurudi akatangulia kwa hatua ndefu, na yeye akitangulia hivyo ujue kuna kitu kinapikwa.

Alinifuata jikoni. "Mwanangu, nilidhani huna maziwa."

"Ninayo, mama. Unaona mwenyewe."

"Ndiyo. Sasa kama maziwa yapo na mtoto ana njaa, ni nini anakikataa?"

Nikajua anakoelekea. Kwetu kuna kitu kinaitwa amasangia. Mke akienda kwa mwanamume wa nje na kurudi nyumbani bila kusema, mtoto anaugua, au mume, na ugonjwa huo hauna dawa ila kusema. Unataja mtu, unatakaswa, yameisha. Ukificha, mtoto anakufa. Wasabato, Wakatoliki, sote tuliimba vizuri na sote tuliamini.

"Mama, mimi sijaenda kwa mtu."

"Sikuuliza kama umeenda."

"Sasa niseme nini?"

Akachochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Mimi niliwahi kumzika wa kwangu kwa sababu ya kunyamaza. Sikuwa nimefanya kitu, nikajivuna, nikanyamaza. Sema mtu yeyote. Mtu wa mbali. Maneno ni upepo, mtoto ni mtoto." Halafu akalitazama bakuli. "Hili ulilipata wapi?"

"Tabaka. Nilipewa na mchonga mawe nikiwa mdogo."

"Si huyo hapo mtu wa kumtaja," akasema, akatoka.

Usimwone mbaya. Nimemfikiria miaka mingi na siwezi kumwona mbaya.

Sijui habari ilifikaje sokoni kabla yangu. Nilimpelekea bwana yangu chakula cha mchana, nikawasikia wanaume wa sokoni kabla sijaonekana.

"Fundi! Unaziba pancha za dunia nzima, ya nyumbani kwako nani anaiziba?"

"Mwacheni, hana viraka vya kutosha!"

Wakacheka. Yeye pia alicheka, akaendelea kupampu gurudumu lililokuwa mbele yake. Akapampu, akapampu, akiwa bado na meno nje, mpaka mpira ukapasuka, kuku wa soko zima wakaruka. Alinipokea sahani bila kunitazama. "Mtoto amenyonya?" Nikasema hapana.

Mzee wa kutakasa aliletwa na majani yake na kibuyu cha maji. Tulikaa nyumbani kwangu: mzee, mama mkwe, bwana yangu kwenye kile kiti alichokikaza mwenyewe, na mimi na mtoto, ambaye alikuwa mwepesi mikononi kama nguo iliyoanikwa. Nilimtazama mtoto, sikumtazama mtu mwingine. Nikasema yuko mtu wa Tabaka, mchonga mabakuli, nilipokwenda kumsalimia mama yangu. Sauti ilitoka vizuri kabisa. Nilishangaa.

Mzee akalowesha majani, akaninyunyizia kifuani. Halafu akatoa masharti. "Sasa chakula chochote cha mkono kisiingie mdomoni mwa mtoto huyu. Uji, maziwa ya ng'ombe, chochote. Titi peke yake. Akilishika, mama yake amesema kweli, na yamekwisha. Asipolishika, kuna mwingine amemficha."

Mama mkwe akachukua sufuria ya uji akaondoka nayo.

Nilimfuata bwana yangu kwenye mistari ya chai kabla giza halijaingia. Alikuwa anachuma, yeye ambaye hakuwahi kuchuma, anang'oa hata majani makuukuu.

"Baba wa mtoto, nimesema vile ili anyonye. Hakuna mtu. Yule mtu nilimwona nikiwa mtoto wa kubeba kikapu."

"Na akinyonya?"

"Akinyonya tushukuru Mungu."

"Akinyonya, ni kweli. Asiponyonya, ni kweli na kuna mwingine." Akayatazama majani mkononi kana kwamba amesahau yanafanyiwa nini. "Ungenyamaza, ningekuwa na mahali pa kusimama."

"Ningenyamaza, angekufa."

"Ndiyo," akasema. "Hata mimi naliona hilo."

Hilo ndilo lililonimaliza, kwamba aliliona.

Siku hiyo mtoto alilia mpaka akakauka sauti. Siku iliyofuata nilimbeba tu begani. Sikumlaza mapajani hata mara moja, sikuwa na nguvu ya yowe jingine. Hakuna aliyemziba pua, hakuna mkono uliokuja usoni kwake. Leo ningekuambia ni hilo tu, ni ule mkono wa uji aliokuwa akiuogopa, na kila nikimlaza kunyonya alidhani umekuja tena. Wajukuu zangu walipozaliwa walinyonya vizuri bila kunyweshwa uji wa mkono, nikakaa nikiwatazama, ndipo nikaelewa. Lakini wakati huo nilikuwa na akili ya wakati huo. Niliomba alishike titi, nikikumbuka maana yake naikatisha sala, halafu naomba tena kwa nguvu zaidi. Nilizunguka nyumba nikiomba vitu viwili visivyoweza kukaa pamoja. Na nikipima, kila mara mtoto anakuwa mzito kuliko jina langu.

Asubuhi moja nilichoka, nikajilaza ubavu kitandani, naye ubavu karibu yangu, uso kwa uso. Sikumshika kichwa. Maziwa yalianza kuvuja yenyewe. Aligeuka, akanusa kama ndama, akafungua mdomo.

Nilisikia koo lake likimeza. Gul, gul, halafu pumzi, halafu gul. Nilihisi maziwa yakishuka kutoka kwapani, kutoka mgongoni, kutoka mahali nisipopajua. Nikalia, na kulia kwenyewe kukafanya yashuke zaidi. Miguu yangu, ambayo ilikuwa haijatulia kwa muda wote huo, ilitulia.

Bwana yangu alikuwa amesimama mlangoni. Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Mama mkwe alikuwa nyuma yake, akachungulia, akapiga kigelegele, akakimbia kuita majirani.

Bwana yangu alisogea mpaka kitandani. Akachuchumaa, akamtazama mtoto kwa makini, vile alivyokuwa akitazama pampu inayofanya kazi vizuri. Akagusa kisigino cha mtoto kwa kidole kimoja chenye gundi.

"Anavuta vizuri," akasema.

"Anavuta," nikasema.

"Vizuri sana."

Akainuka. Alipopita mlangoni bawaba ililia, akasimama kidogo akaitazama, nami nikangoja aende kuchukua bisibisi. Akaliondoa koti lake msumarini. Baiskeli yake aliiacha imeegemea ukuta, na kwa sababu hiyo sikumwita, wakati huo nilidhani mtu anayekwenda asirudi huchukua baiskeli. Nilimwona kupitia dirishani akishuka kwenye mistari ya chai, anatembea polepole, yeye ambaye hakuwahi kwenda polepole, akaingia njia ya sokoni, mtoto akabadilisha pumzi na kuendelea kunyonya, nami sikuinuka.