Nyota Niliyoibandua Mihrabuni

Nakumbuka siku moja ya mwaka wa sitini na saba, hapa Matrah, bandari ya Waarabu, patasi mkononi na hasira imenijaa kifuani. Mwanangu, hasira ile nnayo hadi leo, ila sasa imenigeukia mwenyewe.

Tulikuwa tumetoka Unguja, mayatima watano, mimi mkubwa wao. Skuli niliiacha darasa la tano ili wadogo zangu wale. Mzee Khalfan, fundi wa chokaa, akanichukua tutengeneze msikiti mdogo wa kale. Mihrabu yake, pale asimamapo imamu, ilikuwa ya chokaa ya kuchongwa, kazi ya mamia ya miaka, na katikati ina nyota ya pembe sita. Siku zile redio haikuwa na habari ila vita vya Waarabu na Mayahudi. Mzee alipokwenda kutawadha, nikaibandua nyota yote.

Aliporudi hakupiga kelele. Aliokota vipande, akavifunga kilembani.

"Nani kakutuma?"

"Hapana mtu, mzee. Nyota ya Mayahudi hii."

"Muhuri wa Nabii Suleiman huo, we punda. Ujanani nimekarabati majengo ya kale Misri. Nimeukuta msikitini, nimeukuta kanisani, nimeukuta kwenye sinagogi. Mafundi wa zamani waliazimana ujuzi. Wewe umeazima nini, zaidi ya redio ya jirani?"

Akanisukumia ndoo ya chokaa.

"Haya, lizibe tundu lako. Chora utakacho, nyota usichore. Ukishindwa, kesho usije."

Nikawafikiria wadogo zangu. Nilichora ua, nikafuta. Nilichora duara, nikafuta. Mistari ya zamani ilitoka pembeni mwa mihrabu, ikafika tunduni ikakatika, kama njia iliyofika shimoni. Alasiri nikachukua rula, nikaiendeleza ilikotaka kwenda. Ikakutana. Nyota ya pembe sita.

Mzee akaitazama. "Na hii kaichora Myahudi gani?"

Kesho yake aliniita kazini. Lakini kiraka changu kipo mpaka leo, kinene, kibaya, na kila Ijumaa nnakiona.

Sasa jana nnakusikia wewe, mwenye skuli na vitabu, unashangilia picha ya kanisa la kale likibomolewa. Nilitamani kukuchapa. Hasira ni hasara, na hasara ya jiwe la mababu hailipiki, awe babu wa nani. Usivunje usichojua kukijenga. Kwanza uliza nani alichonga, na kwa nini.

Mola akupe mkono unaochelewa kubomoa na ulimi mwepesi wa kuuliza, na akuepushe na kiraka kama changu.