Bega la Mbuzi Kwenye Runinga

Mimi ni mtu wa hasira, na sitajisafisha hapa. Nina bucha Kagio, nyuma ya soko la nyanya, na shemeji yangu alikuwa mheshimiwa. Shemeji wa mdomo tu. Alikuwa ameishi na dada yangu kule Kutus miaka kumi na miwili, wana watoto watatu, na hajamkatia bega.

Kwetu mwanamke hajaolewa mpaka mume akate bega la mbuzi wa kuchoma mbele ya wazee wa pande zote mbili, amlishe kwa mkono wake. Bila hilo wewe ni mgeni katika boma la mwenyewe. Na kabla kisu hakijagusa nyama, wazee humuuliza mwanamke, "Tule, ama tusile?" Akisema tusile, watu wanarudi kwao. Kila Desemba mheshimiwa aliahidi. Kila Desemba kukatokea kampeni, ama mazishi ya mtu mkubwa. Mama alikuwa anazeeka akingoja siku hiyo.

Basi akaalikwa kwenye kile kipindi cha habari za kuchekesha, kile cha usiku, wanakomnyonyoa mwanasiasa kama kuku. Dada alikuja kutazama kwangu, amevaa utadhani ni yeye ataonekana. Bucha ilijaa. Na wacha niseme ukweli, jamaa alijua kuchekesha, tukacheka. Kisha mtangazaji akaleta sinia, bega limechomwa, pamoja na msichana mchekeshaji amevaa kama bibi harusi.

"Mheshimiwa, nasikia ati wewe huogopa kisu."

Yule mjinga akashika kisu! Akakata kwenye kiungo, safi kabisa, akapiga magoti, akamlisha. Studio nzima ikapiga makofi.

Kwangu hakuna aliyecheka. Mzee mmoja alivaa kofia akatoka bila kuaga. Dada alitazama mpaka matangazo ya sabuni, akasema, "Aki ya Mungu, anajua kukata," akachukua leso yake akaenda kulala kwa mama.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na mheshimiwa alikuwa anakuja kufungua vibanda vipya. Nilichoma bega tangu alfajiri. Nilipomwona amepanda jukwaani nikatuma mtu amwite dada, nikabeba sinia na kisu changu cha kazi, nikasukuma watu mpaka nikamfikia.

"Kata," nikamwambia. "Jana ulikata vizuri. Kata hapa, dada yangu anakuja."

Akacheka kwenye maikrofoni. "Huyu mtu wa bucha amelewa saa nne asubuhi?"

Nikamtwanga ngumi ya pua. Nilisikia mfupa ukivunjika, na Mungu anisamehe, nilifurahi. Damu ikamwagika kwenye shati lake jeupe. Walinzi wake wakaniangukia kwa rungu. La kwanza lilinipata mdomoni, meno mawili yakaenda, la pili mbavuni. Vijana wa soko wakaanza kurusha mawe. Kreti zikaruka, mama mmoja akapasuliwa kichwa, gari la mheshimiwa likapinduliwa, magurudumu yakabaki yanazunguka. Mimi nilikuwa chini kwenye nyanya zilizopondwa, buti la mtu shingoni.

Ndipo dada akafika, na watu wakampisha.

Mheshimiwa si mjinga wa kila siku. Aliona simu zimeinuliwa. Aliokota bega na kisu mavumbini, akalipangusa kwa tai yake, akakata, akamnyooshea kipande huku pua ikimchuruzika. Mimi pale chini nilikuwa nalia kwa furaha. Nilijua nimemwoza dada yangu.

Dada aliitazama ile nyama.

"Nani ameniuliza?"

Akamnyang'anya bega zima, akalishika kwa mikono miwili, akampiga nalo kwenye ile pua iliyovunjika, kwa nguvu zake zote. Mheshimiwa akaanguka chali. Watu wakashangilia mpaka mlinzi akasahau shingo yangu.

Dada akaja, akachutama kando yangu. Nikajaribu kutabasamu na mdomo ule. Nilidhani atanishukuru.

"Niliamua jana usiku, nikiwa pale pale kwako," akasema. "Nilikaa kando yako mpaka matangazo, na hata wewe hukuniuliza."

Akanifunga taya na leso yake, akaenda kumchukua mama yetu nyumbani. Nyama bado nauza, lakini natafuna upande mmoja.