Gari Ambalo Mama Angekubali Kupanda

Gari lenyewe lilikuwa dogo, jeupe, la injini ndogo ya cc elfu moja, mali ya mzee mmoja mwenye bucha pale Embu mjini. Nililizunguka mara tatu nikiyapiga matairi teke, jambo ambalo halimfundishi mtu chochote, lakini usipolifanya wanakuona mshamba. Kwa shughuli za mjini sikuwa na la kulalamikia. Usukani ulikuwa mwepesi, unauzungusha kwa kidole. Liliingia katikati ya pikapu mbili za wachuuzi bila mtu kukunja kioo. Tuta la sokoni, ambalo huyakwaruza magari mengine tumbo, tulilivuka salama.

"Na mafuta, mwalimu, hili halinywi," mzee akaniambia. "Linanusa tu. Wala halijawahi kubeba nyama, wallahi." Aliongeza hilo kwa sababu aliniona nikinusa viti.

Mama alikuwa amesimama kando, kibeti chake amekishika kwa mikono miwili. Gari hakuligusa.

Nisidanganye mtu. Nilichokitafuta siku hiyo ni mama yangu akae tena kwenye gari ninaloendesha mimi. Miaka mitatu alikuwa amekataa. Kliniki ya presha alikwenda kwa bodaboda, mwanamke wa umri ule, kajifunga leso vumbi la kijijini kwetu Ruiri lisimwingie masikioni, na mimi mwanawe nina gari uani kwangu Kaaga. Nilimbembeleza, nikamnunia, wapi! Hata Embu tulikuja kwa basi. Nilikuwa nimemwambia nitauza langu, aje achague jingine mwenyewe. Na katika miaka hiyo yote hakunilaumu hata siku moja, jambo lililonimaliza kuliko matusi.

Lile gari la kwanza nililinunua kwa ujinga. Nililijaribu peke yangu kwenye lami tambarare ya Meru mjini, nikaona linateleza vizuri, nikalipenda. Sikumpakia mtu hata mmoja. Kisha asubuhi moja baba akaanguka zizini. Tukamlaza nyuma, kichwa mapajani mwa mama, kaka yangu akakaa mbele nami, tukatoka Ruiri kupanda kwenda hospitali. Mlimani, na watu wanne ndani, gari likaanza kulia. Likalia, likachemka, likazima. Magari mawili yalitupita, hayakusimama. Kaka yangu alikimbia kuomba maji kwa watu, mimi nikabaki nikipiga boneti ngumi kama mwendawazimu, na mle ndani mama alikuwa akiongea na baba kwa sauti ya kawaida kabisa, akimweleza habari za ng'ombe. Lilipopoa likawaka tena, na tulipofika hospitali daktari alimgusa baba shingoni, akatuambia tumechelewa.

Tangu siku hiyo ule mlio unanifuata. Nausikia kwenye mashine ya kusaga mahindi, mchana kweupe. Nausikia darasani watoto wakiburuta madawati. Nasimama na chaki mkononi, jasho linanitoka, na watoto wanatazamana.

Basi mzee wa bucha alipouliza tungependa kulijaribu wapi, nilisema barabara ya kupanda Manyatta. Hapo mama akafungua mdomo kwa mara ya kwanza.

"Tuko watatu," akasema. "Siku ile tulikuwa wanne."

Mzee hakuelewa. Nilimweleza kwa kifupi, na kwa ukali ambao hakustahili, kwa sababu nikianza kulia mimi siachi. Akaenda kwa jirani yake muuza viazi, akarudi na gunia la viazi kwenye mkokoteni. Tukalipakia kiti cha nyuma. Mama akaingia, mwenyewe, bila kuambiwa! Akalivuta gunia likae wima kando yake, akalifunga mkanda.

Tukapanda. Kwenye kona ya kwanza gari likabadilisha gia, sauti ikanyanyuka. Woi! Viganja vilinilowa, usukani ukawa kama samli. Nikakanyaga mafuta. Na nyuma yangu nikamsikia mama akianza kuongea, polepole, kwa Kimeru, sauti ile ile. Kwamba ng'ombe mweupe amezaa. Kwamba mahindi ya shamba la chini yamekauka. Nilitazama kwenye kioo, nikaona ameweka mkono juu ya gunia. Mzee alianza kusoma dua chini kwa chini, na simlaumu, lazima aliona amepakiwa na wendawazimu wawili.

Gari halikulia. Tulifika madukani Manyatta likiwa zima, sindano ya joto haijasogea. Nikaegesha, lakini vidole vilikataa kuachia usukani. Mzee akashuka, akasema anatafuta maji ya kunywa.

"Linafaa," mama akasema.

"Mama, siku ile kama ningekuwa na hili..."

"Siku ile hata ungekuwa na ndege." Alikuwa akitazama nje. "Baba yako aliniacha pale langoni kwetu. Hujaingia hata barabarani. Mkono wangu ulikuwa kifuani pake, nikasikia pametulia."

"Lakini uliongea naye njia nzima!"

"Niliongea ili msigeuke nyuma mkamwona."

Miaka mitatu! Nilitaka kupiga kelele Manyatta nzima isikie. Nililala na kosa lile, nikaamka nalo, nikafundisha nalo. "Na ukaniacha hivyo? Ukawa unapanda pikipiki nidhani ni kwa kosa langu?"

"Ningesema, ungezima gari," akasema. "Na gari likizima kule nyumbani, mimi ni mjane kuanzia hapo. Sikutaka kufika hospitali upesi, daktari aniambie." "Nilishindwa kupanda gari lako kwa aibu, mwanangu. Wewe uko nje unapiga boneti unalia, na mimi ndani naomba lisiwake."