Mpishi Aliyetaka Kutuunga na Rhodesia

Asukile wa Uyole alikuwa mtoto wa kaka yangu, kwa hiyo nikimsema vibaya namsema kwa haki. Siku aliyozaliwa, ukungu ulishuka kutoka milima ya Uporoto mzito kama uji wa ulezi, mkunga akamfunga kitovu kwa kupapasa. Nadhani alifunga mahali pasipo penyewe, maana tangu siku hiyo maneno ya Asukile yalikuwa yanavuja tu, mchana na usiku, kiangazi na masika.

Ujana wake aliumaliza Iringa, jikoni kwa mzungu mmoja mlima tumbaku. Akarudi kwetu mtu mzima, mke amekwisha kufa, mtoto wake Anyitike amekwisha kuoa, na mali yake yote ni kofia nyeupe ya mpishi, ndefu kama chungu cha pombe kilichopinduliwa. Kofia ile alikuwa haivui. Alilima nayo, alikwenda nayo kanisani, na jogoo wangu alikuwa akiiona kwa mbali anawika, akidhani kumekucha.

Pamoja na kofia alileta neno moja, Federesheni.

Miaka ile serikali ilikuwa imeiunganisha Nyasalandi, hapo ng'ambo ya mto Songwe, na zile Rhodesia mbili, zikawa kitu kimoja. Baadhi ya walowezi wa huku kwetu walikuwa wanatamani na sisi tufungwe kwa kamba hiyohiyo. Asukile aliyasikia hayo mezani kwa bwana wake, akipitisha supu. Sasa mtu anayesikia mambo ya nchi huku ameshika bakuli la supu anasikia nusu, nusu nyingine anaangalia isimwagike. Nusu yake hiyo ndiyo aliyotuletea. Tukiunganishwa, alisema, gari moshi litapita Uyole, chumvi itashuka bei, wazungu wa Salisburi, kule Rhodesia, watajaa hapa kama siafu, na kila mzungu atataka mpishi. Hapo aliigusa kofia.

Watu walikuwa na maoni yao. Jailos, aliyechimba dhahabu huko kusini mpaka kifua kikaharibika, alimwambia sokoni, mbele ya wauza viazi wote, "Mimi nimekaa kule, Asukile. Kule unatembea na kipande, karatasi ya ruhusa, mfukoni kama mbwa na kengele yake. Ukikisahau, unalala ndani."

"Wewe ulikuwa chini ya ardhi," Asukile akamjibu. "Ungeonaje uzuri wa nchi?"

Wanawake walimuuliza mashamba yatakuwa ya nani. Akasema hilo swali la watu ambao hawajaonja siagi. Mzee mmoja akasema ng'ombe wa watu wawili hawafungwi kigingi kimoja, aliye mkubwa atamkanyaga mdogo. Asukile akacheka, akasema Uyole yote haina mtu aliyestaarabika isipokuwa yeye, na wakati anasema hivyo alikuwa amesimama ndani ya kinyesi cha ng'ombe.

Hiyo ilikuwa nusu ya upumbavu wake. Nusu ya pili ilikuwa juu ya wageni.

Tangu kule ng'ambo wafungwe ile kamba, watu walikuwa wanavuka Songwe kuja kwetu, na mikeka kichwani na watoto mgongoni. Wengine ni Wangonde, watu wa lugha yetu na mila zetu, mto tu ndio umepita katikati. Tuliwapa pembe za mashamba, wakalima. Sisi wenyewe Wanyakyusa pale Uyole tulikuja. Ardhi ni ya Wasafwa, walitupokea na hawakutuuliza jana tumelala wapi. Lakini Asukile akaanza kupita nyumba kwa nyumba akisema Wanyasa wametujaza, Wanyasa wanakula nchi, kila aliyevuka mto arudishwe kabla viazi havijachimbwa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, unataka nchi yao iunganishwe na yetu, halafu wao wenyewe hutaki wapite mlangoni?"

"Shangazi, nchi ni kitu kingine na watu ni kitu kingine."

"Na supu ni kitu kingine na bakuli ni kitu kingine?"

Akaniambia mambo haya ni makubwa kuliko mimi. Nami nikamwacha, maana mjinga ukimkatiza njiani hafiki mahali pake.

Na hakuwa na uchungu wa nchi, msidanganyike. Alikuwa ameona shamba. Kando ya njia inayopanda barabara ya malori kulikuwa na shamba la viazi ambalo sijaona mfano wake. Viazi vilikuwa vikubwa hivi kwamba nguruwe pori alikuwa akifika pale anapita pembeni kwa heshima. Asukile aliuliza ni la nani, akaambiwa ni la mwanamke wa ng'ambo ya Songwe. Basi. Akaanza kuota kabichi atakazowapandia wazungu wake mahali pale.

Mwanamke huyo wa ng'ambo aliitwa Tupokigwe. Alikuwa mke wa Anyitike. Yaani, Asukile alikuwa anamfukuza mkwe wake mwenyewe, mke wa mwanawe wa pekee.

Mtashangaa hakumjua vipi. Kwetu mke hamwoni baba mkwe, na baba mkwe hamwoni mkwe. Akisikia kikohozi chake njiani, mwanamke anaingia majanini, anafunika kichwa na kuchutama mpaka apite. Jina la baba mkwe halitamki. Mwanamume naye akimwona amejifunika anageuka na kurudi alikotoka, na mahali anapofanyia kazi mkwe wake hakanyagi. Nyumba ya baba na nyumba ya mtoto aliyeoa haziko kiwanja kimoja kwa sababu hiyohiyo. Wazee walisema atakayevunja atavimba miguu, na hakuna aliyetaka kujaribu. Tena Anyitike alipokwenda kuoa ng'ambo, Asukile alikuwa Iringa. Ng'ombe walitolewa na mdogo wake. Asukile hakuuliza mkwe ametoka wapi, maana angeuliza angeambiwa naye atoe ng'ombe. Sote tulijua. Lakini nani atamsemea mtu habari za mkwe wake usoni pake? Ni aibu. Na mimi niliyeweza kumwambia, kusema kweli, nilikuwa nangojea nione.

Chakula chake cha jioni kilikuwa kinatoka kwa mkwe huyohuyo. Mkwe hawezi kukipeleka, kwa hiyo nilikipeleka mimi. Asukile alikuwa akifunua chungu ananusa kama bwana shamba. "Huyu mkwe wangu anajua kupika," anasema. "Na viazi hivi ni vya kwetu, shangazi, unavisikia? Viazi vya wale wageni vina maji." Nami namwambia ale, mwanangu, ale.

Ikatangazwa kwamba karani wa boma atakuja barazani kusikia watu wanasemaje juu ya Federesheni, na siku hiyohiyo jumbe atakata shauri la wageni. Jumbe wetu, mzee Saulo, Msafwa, alikuwa mtu mwema lakini masikio yamekufa. Alikuwa na desturi moja ambayo kila mtu aliijua: anamkubali aliyesema mwisho, kwa kuwa huyo ndiye aliyemkumbuka. Asukile akajipanga kusema mwisho.

Jioni ya kuamkia baraza, Tupokigwe akaja kwangu. Nilimkuta amekaa mlangoni na kapu limefungwa, mtoto amelala mapajani. Mume wake yuko mbali, kazini Madibira kwa watu wa mpunga.

"Bibi," akaniambia, "wanasema kesho tunaambiwa tuondoke. Nirudi wapi? Baba alikataa kupiga matuta yaliyoamriwa na serikali, wamemfunga. Shamba lake limelala. Viazi vyangu hapa vimebaki kidogo tu kukomaa."

"Mke mwenzangu," nikamwita hivyo, maana mume wake ni mjukuu wangu na mjukuu ni mume, "fungua hilo kapu. Kesho utakwenda wapi asubuhi?"

"Nitakwenda kujificha. Yule mwenye kofia atakuwepo."

"Hapana. Utakwenda kupalilia shambani kwako, katikati kabisa."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa ale majivu. "Bibi, akija je? Nimuonyeshe uso? Nivimbe miguu?"

"Nani amekwambia umwonyeshe uso? Shika mila yako yote, usipunguze hata kidogo. Wewe palilia. Ukisikia sauti yake, fanya ulivyofundishwa na mama yako."

Alifikiri. Halafu akaanza kucheka, akajiziba mdomo kwa ncha ya shuka asimwamshe mtoto.

Siku ya baraza watu walijaa. Karani alikuja na soksi ndefu na kalamu sikioni. Akaeleza Federesheni kwa maneno ya boma mpaka mbuzi wakalala. Watu wakasema yao. Jailos akasema kipande. Wanawake wakasema mashamba. Mchungaji akasema tuombe. Karani anaandika na kupiga miayo.

Asukile akasimama mwisho, na kofia yake. Akasema Federesheni ni mkate na siagi. Akasema Wanyasa waondoke. Jumbe Saulo akatikisa kichwa kuonyesha amekubali. Angekaa chini pale, Tupokigwe alikuwa amekwisha. Lakini Asukile na kukaa chini hawakupatana. Akaona kutikisa kichwa hakumtoshi, akataka karani na jumbe wakashuhudie kwa macho yao jinsi wageni wanavyokula nchi. "Twendeni," akasema. "Nitawaonyesha shamba lenyewe. Leo hii nalikanyaga, kesho nalilima."

Baraza lote likamfuata. Nami nikafuata, mguu wangu mbovu ulipona ghafla.

Alikwenda mbele anatupa mikono, anasema kwa sauti, na sauti ilitufikia shambani kabla yetu. Nilimwona Tupokigwe ananyanyua kichwa. Nikamwona analiweka jembe chini taratibu, anajigeuza, anajifunika shuka kichwa mpaka kiuno, anachutama katikati ya viazi vyake kama kichuguu. Asukile akafika ukingoni, amenyoosha kidole.

"Mwanamke huyu hapa," akasema. "Tazameni. Ametuona watu wazima, anajifunika. Anaona haya ya wizi."

Watu walikuwa wanatazama miguu yao, na mabega yanatikisika. Asukile akanyanyua mguu kuingia shambani.

Nikasema, polepole, "Asukile, mwanangu. Mwanamke anamfunikia nani uso hivyo?"

Mguu ukabaki hewani. Nilimwona anahesabu ndani ya kichwa, na kazi ile ilikuwa nzito. Akatazama shuka. Akatazama watu. Akatazama viazi. Nadhani ni viazi ndivyo vilivyomwambia, maana alikuwa amevila mwaka mzima.

Akageuka, akakimbia. Mila inasema ageuke, haisemi akimbie vile. Alipita katikati ya baraza, akampiga karani kikumbo kalamu ikaruka, akashika barabara ya malori. Kofia ilimdondoka, mbwa wa Jailos akaichukua. Dereva mmoja aliniapia kwamba jioni ile alimpita Ruaha Mbuyuni, bado anakimbia, na kwamba lori lilipata shida kumpita. Mimi sikuwepo Ruaha, nasema nilivyoambiwa.

Jumbe Saulo hakuwa amesikia kitu. Akaniuliza vipi yule bwana ameondoka, shauri halijaisha? Nikamsogelea sikio, nikapiga kelele kwamba shamba ni la mke wa mjukuu wangu, na wageni wenzake ni wa kwetu, wabaki wachimbe viazi vyao. Nilikuwa nimesema mwisho. Akatikisa kichwa, akasema ndivyo itakavyokuwa, na ndivyo ilivyokuwa.

Karani alikuwa bado anatafuta kalamu majanini. Akauliza, je, na Federesheni aandike watu wamesemaje?

Jailos akamwambia, "Andika aliyeitaka amekimbia."

Asukile alirudi baadaye, njaa ilimrudisha. Njia fupi ya kupanda barabarani inapita kando ya lile shamba, na mahali mkwe anapolima baba mkwe hapakaribii, kwa hiyo mpaka anakufa alikuwa akitaka kwenda sokoni anazunguka chini mtoni, kwenye tope, anatokea upande wa machinjioni. Wazungu wa Salisburi hawakuja. Gari moshi halikupita. Watu walimsalimu vizuri, wakamuuliza habari za Rhodesia, naye anajibu nzuri.

Jioni ya kwanza aliporudi nilimpelekea chungu kama kawaida. Akafunua, akatazama ndani kwa muda mrefu.

"Shangazi," akaniuliza, "viazi hivi ni vya wapi?"

"Vya ng'ambo," nikasema. "Vina maji. Nirudishe?"

Akavuta chungu karibu, akala vyote, na mchuzi akaufuta kwa kidole.