Pepo Aliyenguruma kwenye Spika

Jumapili iliyopita nilisimama madhabahuni nikiwa hoi, baada ya wiki nzima ya kutembelea waliofurushwa na ghasia za uchaguzi. Hata hivyo nilimshukuru Mungu: majirani waliokimbiana mtaani Kaptembwo walikuwa wameketi tena pamoja. Nikaanza kuwaombea, mpiga gitaa la besi akinisindikiza polepole kando yangu kama kawaida yetu.

Ghafla spika ikanguruma. Watu wakabeba watoto, wakaelekea mlangoni.

"Pepo wa vita, toka!" nikakemea, nikikanyaga chini kwa nguvu. Mngurumo ukageuka kilio. Nikakanyaga tena, kikazidi.

Mpiga besi akanivuta koti na kuninong'oneza, maikrofoni ikiwa mdomoni pangu:

"Mzee, pole, huyo pepo ni wewe. Toa kiatu kwa mashine yangu ya kubadilisha sauti ya gitaa."