Springi Aliyoifunga Ndugu Yangu

Ndugu yangu mkubwa alikuwa na wiki mbili kaburini niliporudi kazini, kwenye shamba la mzungu mmoja upande wa Turbo, kichwa changu kimenyolewa kwa ajili ya matanga. Nilipewa kazi yake: mtambo wa kurusha visahani vya udongo, ambavyo wazungu walivipiga risasi hewani Jumamosi kana kwamba ni ndege. Ulikuwa mkono wa chuma uliofungwa kwa springi nene. Ukivuta kamba, visahani viwili vinaruka pamoja, kimoja kwa kila mtutu wa bunduki.

Jumamosi hiyo bwana alikosa mara nne mfululizo mbele ya wageni wake. Uso ukawa mwekundu.

"Machine iko mbaya! Ndugu yako nafunga springi kama mlevi. Fungua!"

Ndugu yangu hakuonja pombe maisha yake yote. Springi ile aliifunga siku nzima, akirusha, akienda kupima kwa hatua mahali visahani vilipoanguka, akirudi kukaza tena. Nikiilegeza, nimekubali kwamba alikuwa mlevi.

"Bwana, springi iko sawa," nikasema.

"Sawa? Basi wewe piga."

Wageni wakacheka. Akanitia bunduki mikononi. Niliijua, maana ndiyo niliyopewa msimu wa mahindi kufukuza nyani. Mpishi, aliyekuwa ameleta chai, akaambiwa ashike kamba. Alikuwa mtu wa kwetu, akaninong'oneza kwa lugha yetu: "Wewe, ukikosa hapa, mimi sikujui."

"Vuta tu, mzee."

Nilikuwa nimemtazama bwana akipiga. Alingoja kisahani kichoke, na kikichoka kinadondoka ghafla, risasi inapita juu. Springi iliyokazwa vizuri inataka mtu apige mapema, kisahani kikiwa bado kinapanda, na aelekeze mbele yake kidogo.

Mara ya kwanza nilikosa vyote viwili. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Bwana akacheka sana. "Ona! Machine!"

"Mara moja tena, bwana," nikasema, nikitia risasi nyingine.

Mpishi akavuta. Nikapiga cha kushoto, kikawa vumbi. Nikageuza bega, nikapiga cha kulia, nacho kikawa vumbi. Nikatia risasi tena. Mpishi akavuta kabla hajaambiwa. Vyote viwili. Mara ya nne mpishi akapiga kelele, "Haya, malizia!" nikamaliza. Visahani sita, vyote vipande vipande kwenye nyasi.

Mgeni mmoja, mama mzee wa kizungu, akauliza, "Nani nafunga hii springi?"

"Ndugu yangu, memsahib. Tumemzika."

Akamgeukia bwana wakasemezana Kiingereza. Kisha bwana akachukua bunduki, akasimama mahali pake, akakosa tena. Nilimngoja atamke neno mlevi. Hakulitamka. Akasema, "Springi hapana gusa. Acha kama yeye nafunga."

Jioni nilipita kwa shemeji yangu, mke wa marehemu. Alikuwa akipepeta mahindi, hasemi na mtu, kama siku zote tangu mazishi. Nikamwambia yote, hata vile viwili nilivyokosa. Aliweka ungo chini.

"Hawakumwita mlevi tena?"

"Hawakumwita."

"Rudia," akasema. "Rudia hapo pa mama mzee."

Nikarudia, kwa sauti kubwa, hadi majirani wakatoka nje kusikiliza.